Sekunde moja ndani ya mshipa: kwa nini damu ya watoto wa SS inakwama njiani

Mtoto alikula vizuri na akalala vizuri. Saa saba ya usiku anaamka akilia. Hakuanguka, hana kidonda, hakuna aliyempiga. Anashika mguu, kisha mkono, kisha anasema mgongo wote unamuuma. Mama anamkanda, baba anatoka kutafuta pikipiki ya kumfikisha hospitalini, na nyanya, pembeni ya kitanda, anauliza ni nani aliyekuja nyumbani jioni ile.

Usiku wa namna hii unajulikana na familia nyingi za Goma, Bukavu, Butembo, Beni na Uvira. Wengine wanasema ni uchawi, wengine wanataja karuho, ile sumu inayoogopwa sana katika Kivu. Waganga wa hospitali wana jina lingine: anemi SS, ama drepanositozi. Maumivu hayo yanaanzia mahali ambapo jicho halifiki, ndani ya mishipa iliyo myembamba kuliko unywele, pale ambapo chembe ya damu inachelewa kupita.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ni moja kati ya nchi tatu za dunia, pamoja na Nigeria na India, ambamo watoto wengi zaidi wanazaliwa na ugonjwa huu. Mjini Kinshasa, watafiti walipima damu ya watoto wachanga 31,204, na mwaka 2009 walitangaza matokeo: watoto 14 hivi katika kila 1,000 walikuwa na SS, na karibu mmoja kati ya sita alikuwa AS, yaani amebeba alama ya ugonjwa bila kuugua.

Ili kuelewa kinachotokea usiku ule, ni lazima kufuata safari ya damu hadi mwisho wa njia yake.

Kutoka barabara kuu hadi vijia

Damu inatoka moyoni kwa mshipa mkubwa ambao kwa mtu mzima una upana wa sentimeta mbili na nusu hivi. Mshipa huo unagawanyika, matawi yake yanagawanyika tena, na tena, kama mti unavyotoa matawi hadi kufikia vijiti vya mwisho kabisa. Mwishoni kuna mishipa midogo inayoitwa kapilari. Upana wake ni mikrometa 5 hadi 10. Milimeta moja ina mikrometa 1,000, hivyo zaidi ya kapilari mia moja zingeweza kulala sambamba ndani ya milimeta moja.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua kwamba mishipa hiyo iko. Mwaka 1628, mganga Mwingereza William Harvey alionyesha kwamba damu inazunguka mwilini na kurudi moyoni, lakini hakuweza kuona inapita wapi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ilikuwa mwaka 1661 ndipo Mwitalia Marcello Malpighi, akiangalia pafu la chura kwa hadubini, aliona vijia vile.

Ni ndani ya kapilari ndipo kazi yenyewe inafanyika. Mishipa mikubwa inasafirisha tu. Kapilari ndizo zinazogusa nyama, mifupa na ubongo, na hapo ndipo chembe nyekundu za damu, zile ambazo waganga wetu wanaziita globuli nyekundu, zinashusha oksijeni zilizoichukua kwenye mapafu.

Hapo kuna ajabu. Chembe nyekundu ina upana wa mikrometa 7 hadi 8. Kapilari nyingi ni nyembamba kuliko hiyo. Ni kama mtu aliyebeba godoro kichwani anayetaka kupita mlango mdogo: asipolikunja, hapiti.

Chembe yenye afya inajikunja. Haina kiini ndani yake, ngozi yake ni laini, na umbo lake ni kama sahani iliyobonyezwa katikati. Ikiingia katika kapilari inabadilika, mara inafanana na mwavuli uliofunguka, mara inalala upande kama kandambili. Inapita, ikifuatwa na nyingine nyuma yake, moja moja kwa mstari. Kwa siku kama 120 za uhai wake inafanya safari hii maelfu ya mara, halafu inavunjwa na nyingine inachukua nafasi yake. Mwili wa mtu mzima unatengeneza chembe mpya zaidi ya milioni mbili kwa kila sekunde.

Sheria za njia panda

Watu wengi wanafikiri kwamba damu inagawanyika sawasawa kila mshipa unapogawanyika. Sivyo. Damu ni maji ya rangi ya njano, plazma, ambayo ndani yake kunaelea chembe, na chembe hazifuati maji kila mahali.

Mwaka 1931, watafiti wawili wa Sweden, Robin Fåhraeus na Torsten Lindqvist, walipitisha damu katika mirija myembamba ya kioo. Waliona kwamba katika mirija yenye upana chini ya theluthi moja ya milimeta hivi, damu ilipita kwa wepesi zaidi. Sababu ni kwamba chembe laini zinakimbilia katikati ya mrija na kuacha plazma pembeni. Plazma hiyo inafanya kazi ya mafuta kati ya ukuta na chembe.

Halafu kuna njia panda. Mtu aliyesimama kwenye ronpwe ya Chukudu mjini Goma saa za jioni anaweza kuelewa haraka. Barabara moja inakwenda vizuri, nyingine imejaa mashimo na magari yamesimama. Motari karibu wote wanakata kuelekea ile inayokwenda, na ile nyingine inabaki na wachache. Ndivyo inavyokuwa ndani ya mwili. Damu ikifika mahali ambapo kapilari inagawanyika, na tawi moja likiwa na mwendo wa kasi kuliko lingine, chembe nyekundu zinaingia kwa wingi katika tawi la kasi, zaidi ya sehemu yake ya haki. Tofauti ya mwendo ikiwa kubwa, tawi la pole linaweza kupata plazma peke yake, bila chembe hata moja.

Motari anachagua kwa macho yake, lakini chembe haichagui kitu. Inapofika kwenye njia panda, sehemu kubwa ya mwili wake iko tayari ndani ya mkondo wa upande wenye nguvu, na mkondo huo unaivuta. Mdenmark August Krogh, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1920 kwa kazi yake juu ya kapilari, alikuwa ameona kwamba matawi mengine yanapata plazma zaidi kuliko chembe. Baadaye Benjamin Zweifach na Yuan-Cheng Fung, waliofanya kazi California, walieleza sheria hii ya tawi la kasi, na hadi leo inaitwa kwa majina yao.

Kwa mtu mwenye afya, hali hiyo haina shida. Tawi lililokosa chembe sasa hivi linazipata baada ya muda mfupi, kwa sababu mwendo wa damu katika vijia hivyo unabadilika kila mara. Lakini sheria hiyo hiyo ina upande mbaya: tawi likianza kuziba, mwendo wake unapungua, na likipunguza mwendo, chembe mpya zenye oksijeni zinalikwepa. Njia iliyodhoofika inazidi kudhoofika.

Kosa la herufi moja

Chembe nyekundu imejaa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni. Mtoto wa SS amerithi, kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, agizo lenye kosa dogo sana: katika mnyororo mmoja wa hemoglobini, kwenye nafasi ya sita, kipande kimoja kimewekwa mahali pa kingine. Vernon Ingram aligundua kosa hilo huko Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1950. Tangu mwaka 1910, mganga James Herrick wa Chicago alikuwa ameandika juu ya mgonjwa mmoja mwenye chembe za damu zilizopinda kama mundu, bila kujua sababu yake.

Hemoglobini hiyo ikiwa na oksijeni, haina matata. Shida inaanza inapoiachilia. Hapo molekuli zake zinashikana, moja juu ya nyingine, zikitengeneza nyuzi ngumu ndani ya chembe. Chembe inapoteza ulaini wake, inanyooka, inapinda, inakuwa kama mundu wa kukatia majani.

Na mahali ambapo chembe inaachilia oksijeni ni palepale penye njia nyembamba kuliko zote. Chembe inakuwa ngumu mahali ambapo ilihitaji kuwa laini.

Kama mambo yangeishia hapo, mtoto wa SS asingeweza kuishi hata siku moja. Kinachomwokoa ni muda. Katika miaka ya 1970, William Eaton, James Hofrichter na wenzao nchini Marekani walionyesha kwamba nyuzi zile haziundwi mara moja. Kuna kusubiri. Chembe ikiisha kuachilia oksijeni, kunapita muda kabla ya kuwa ngumu. Na kapilari ni fupi: chembe inaipita kwa sekunde moja hivi, inatoka katika mishipa mipana inayorudi moyoni, kisha inafika kwenye mapafu na kupata oksijeni tena. Chembe nyingi za mtoto wa SS zinashinda mbio hizo. Zinakuwa zimekwisha kupita kabla ya kugeuka mundu.

Maumivu yanakuja pale mbio hizo zinaposhindwa, na sababu mbili zinaweza kuzishindisha: ama chembe inachelewa njiani, ama muda wa kusubiri unafupishwa.

Chembe inachelewa mishipa inapojibana kwa baridi. Inachelewa pia kuta za mishipa zinapovimba kwa sababu ya ugonjwa wa kuambukiza, kwani chembe nyeupe na chembe nyekundu changa zinanata kwenye kuta hizo, hasa katika mishipa midogo inayofuata mara baada ya kapilari. Chembe ngumu zinaongeza hatari hiyo: wakati chembe laini zinabaki katikati ya mkondo, zile ngumu zinasukumwa pembeni, karibu na ukuta.

Muda wa kusubiri unafupishwa na homa, na zaidi ya yote na kukosa maji. Mwili ukikauka, chembe nayo inapoteza maji, na hemoglobini inabanana ndani yake. Ikibanana kidogo tu, muda wa kusubiri unapungua mara nyingi. Kwa hiyo muuguzi anayemwambia mama «mpe maji, mpe maji tena» hasemi maneno ya kumfariji tu. Kila kikombe kinampa mtoto muda.

Mti wa mifereji ndani ya kipande cha plastiki

Hakuna anayeweza kufungua mfupa wa mtoto anayelia ili kuangalia kapilari. Kwa hiyo wanasayansi wametengeneza mishipa ya bandia. Wanachukua silikoni, aina ya plastiki laini inayopitisha mwanga, na wanachonga ndani yake mifereji inayogawanyika kama mti, mingine ikiwa na upana wa mikrometa chache tu. Halafu wanapitisha damu na kuipiga picha kwa kamera za kasi kupitia hadubini.

Mwaka 2007, timu moja nchini Marekani, ambamo alikuwemo John Higgins na Sangeeta Bhatia, ilipitisha damu ya wagonjwa wa SS katika mti wa namna hiyo. Waliweza kupunguza oksijeni na kuirudisha walivyotaka. Oksijeni ilipopungua, damu ilipunguza mwendo, kisha ikasimama. Oksijeni iliporudi, ilianza kutembea tena. Walipima ni baada ya muda gani mifereji inaziba, na walionyesha kwamba upana wa njia, nguvu inayosukuma damu, wingi wa chembe na kiasi cha oksijeni vyote vinaingia katika hesabu.

Njia hiyo ilitumika pia kuangalia malaria. Mwaka 2003, watafiti wa Seattle walisukuma katika mifereji ya mikrometa 2 hadi 8 chembe zilizoingiwa na kimelea cha malaria. Chembe zenye afya zilijikunja na kupita. Zenye vimelea vilivyokomaa zilikuwa zimekuwa ngumu na kukwama. Ndiyo sababu moja malaria kali inaweza kufika kwenye ubongo wa mtoto: chembe zenye vimelea zinanata na kuziba vijia vya kichwani.

Magonjwa haya mawili yana historia moja. Mwaka 1954, Mwingereza Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba watoto wa AS wanalindwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Ndiyo maana alama ya SS imebaki na kuenea katika nchi zenye mbu wengi, Congo ikiwa mojawapo. Lakini ulinzi huo ni wa AS. Mtoto wa SS akipata malaria, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Dawa iliyojaribiwa Kinshasa

Kuna dawa inayoongeza muda wa kusubiri. Inaitwa hidroksiyurea. Kabla ya kuzaliwa, kila mtoto ana hemoglobini ya tumboni, ambayo haishikani na kutengeneza nyuzi. Baada ya miezi michache inapungua, na ndipo dalili za kwanza za SS zinajitokeza, mara nyingi kwa vidole vya mikono na miguu kuvimba. Hidroksiyurea inaamsha tena hemoglobini hiyo ya tumboni. Ikiwa ndani ya chembe, nyuzi zinachelewa kuundwa, na chembe inapata nafasi ya kutoka kapilarini.

Kwa miaka mingi swali lilikuwa kama dawa hiyo inafaa katika Afrika, ambako malaria na utapiamlo ni vingi. Jibu lilitoka kwa sehemu katika nchi yetu. Utafiti uitwao REACH ulifuata watoto wa SS wa miaka 1 hadi 10 mjini Kinshasa, Luanda nchini Angola, Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda. Watoto 606 walianza kunywa dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019, na jina la kwanza kati ya waandishi lilikuwa la Mcongomani, mganga Léon Tshilolo. Vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu. Malaria ilipungua karibu nusu. Watoto waliohitaji kuongezewa damu walipungua kwa karibu theluthi mbili, na vifo vilipungua pia.

Dawa hii haiponyeshi. Inanywewa kila siku, na inahitaji mganga wa kupima damu mara kwa mara, kwani ikizidi kipimo inaweza kupunguza chembe nyeupe. Hapo ndipo ugumu ulipo kwa wakaaji wa mashariki. Barabara ikifungwa na vita, dawa haifiki. Familia ikikimbia, kitabu cha mgonjwa kinabaki nyumbani. Anayelala chini ya hema juu ya mawe ya volkano anapata baridi, na anayetafuta maji kwa bidoni moja kwa siku hawezi kumnywesha mtoto kila saa. Mambo yote yanayochelewesha chembe njiani yanakutana mahali pamoja.

Kinachowezekana nyumbani

Hata bila hidroksiyurea, kuna mengi ambayo waganga wanashauri. Mtoto wa SS anywe maji safi mara nyingi kwa siku, hasa wakati wa joto na baada ya kucheza. Avae nguo za kumkinga na baridi, na asiogeshwe kwa maji ya baridi. Alale ndani ya chandarua kila usiku. Apate chanjo zote, pamoja na ile ya kuzuia nimonia, na dawa za kuzuia maambukizi katika miaka ya kwanza kama mganga alivyoandika.

Kuna pia dalili zisizosubiri asubuhi: homa, kupumua kwa shida, kifua kuuma, mkono au mguu kulegea ghafla, mdomo kupinda. Nyingine ni tumbo kuvimba upande wa kushoto huku mtoto akiwa mweupe ghafla kwenye midomo na viganja. Hiyo ni bandama. Kiungo hicho kinachuja damu kwa kuipitisha katika nafasi za upana wa mikrometa moja hivi, nyembamba kuliko kapilari yoyote. Chembe ngumu zinaweza kukwama humo kwa wingi, na damu ya mtoto ikaishia tumboni kwa saa chache. Mtoto huyo anahitaji hospitali na damu ya kuongezewa mara moja, ndiyo maana kila mtu mwenye afya anayejitolea kutoa damu anagusa maisha ya wagonjwa hawa.

Kabla ya yote kuna kujua. Wazazi wawili wa AS, wote wakiwa na afya njema, kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS. Kipimo cha damu kiitwacho elektroforezi kinaonyesha kama mtu ni AA, AS au SS, na siku hizi kuna vipimo vya haraka vya tone moja la damu vinavyotoa jibu mgonjwa akiwa bado anasubiri. Vijana wanaojiandaa kufunga ndoa wanaweza kuuliza kipimo hicho mapema, pasipo haya. Mtoto aliyejulikana tangu kuzaliwa anaanza kulindwa kabla ya usiku wa kwanza wa maumivu.

Na nyanya aliyeuliza ni nani aliyekuja nyumbani jioni ile anaweza kupewa jibu. Hakuna jirani aliyeleta kitu. Usiku ulikuwa wa baridi, mtoto alicheza mchana kutwa bila kunywa maji ya kutosha, na ndani ya mguu wake chembe za damu zilichelewa kutoka katika njia ambayo zilipaswa kuipita kwa sekunde moja.